Dume hana pembe: nimpime DNA au macho yanatosha?

Fahali_Mwekundu: Wakuu, nataka kununua dume wa Simmental nipandishe majike wenye pembe. Kichwa chake ni laini kabisa. Kuna haja ya kulipia kipimo? Na sampuli inachukuliwaje?

KundiSafi: Haja ipo. Jeni ya kutokuwa na pembe hutawala, kwa hiyo nakala moja tu inatosha kukupa kichwa laini. Nakala hiyo huandikwa P, na ya pembe p. Akiwa P/P, yaani nakala zote mbili ni za kutokuwa na pembe, hakuna ndama wake atakayeota pembe kamili. Akiwa P/p, moja ya kila aina, kwa majike wako ni nusu kwa nusu, na kazi ya kuchoma pembe iko palepale. Kwa macho huwezi kuwatofautisha.

Sampuli ni nywele 20 hadi 40 za kishungi cha mkia, mkia ukiwa mkavu na hauna kinyesi. Zing'oe kwa mvuto mmoja wa ghafla, kisha angalia ncha: usipoona vinundu vyeupe vya mizizi, rudia. Za kukata kwa mkasi ni kazi bure. Tumia bahasha ya karatasi, maana plastiki hutunza unyevu na ukungu huingia. Andika namba ya hereni kabla hujamgusa mnyama mwingine. Sampuli zikichanganyika maabara haitajua.

Mganga_wa_Zizi: Muulize pia mtoa huduma wa kipimo anapima aina zipi za jeni hiyo ya kutokuwa na pembe. Kwenye kromosomu ya 1 kuna aina ya Celtic, ambayo ndiyo imezoeleka kwa ng'ombe wa nyama, na kuna ya Friesian. Mnyama aliyerithi Celtic kwa mzazi mmoja na Friesian kwa mwingine hana p hata moja, lakini maabara inayopima Celtic peke yake itamwandika P/p. Utamkataa dume mzuri hivihivi. Na kama alizaliwa pacha, usipeleke damu: mapacha hubadilishana seli za damu tumboni. Peleka nywele.

Fahali_Mwekundu: Na vile vipembe vinavyochezacheza ukivishika?

KundiSafi: Kipimo hiki hakivioni. Vimeshikwa na ngozi, si fuvu, na urithi wake ni mwingine. Hujitokeza zaidi kwa madume wa P/p, tena ndama akiwa na miezi kadhaa, kwa hiyo usimhukumu wa wiki tatu.

Ukikosa maabara, majike wenye pembe watakupa jibu. Ndama mmoja tu akiota pembe, dume ni P/p. Saba mfululizo wakitoka bila pembe, P/p angefanya hivyo kwa bahati ya 1 kati ya 128.