Naomba ushauri: mtoto wa kipaimara kaniuliza swali, nimekwama

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Nafundisha kipaimara, na Jumamosi kijana wa miaka 13 kanyoosha mkono: "Mwalimu, babu mzaa babu yangu hakuwahi kusikia jina la Yesu. Alimjuaje Mungu?" Darasa kimya, mimi na chaki yangu mkononi.

Nikamkimbilia Paulo: Warumi 1:20, uumbaji unamtangaza Mungu, na Matendo 14, kule Listra, mvua na mavuno ni ushuhuda wake. Kijana hakuniachia: "Sasa Biblia ya nini?" Nikamsomea Waebrania 1, kwamba Mungu amesema nasi katika Mwana. Hakuridhika, na kusema kweli hata mimi sikuridhika.

Nimejisomea nyumbani nikazidi kuchanganyikiwa. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki), 1870, unasema akili yaweza kumjua Mungu kwa njia ya viumbe. Karl Barth naye, mwanateolojia wa Kiprotestanti, 1934, alimjibu mwenzake Emil Brunner, aliyesema uumbaji nao unamfunua Mungu kwa kiasi, kwa kijitabu chenye jina la neno moja tu: Hapana! (Ukali gani huo jamani.)

Wachungaji, wainjilisti, makatekista mliomo humu, mngemjibuje mtoto huyu kwa lugha anayoielewa? Kipindi ni Jumamosi hii, saa tatu.