Mjadala: Thomas Midgley abandikwe ukutani pamoja na wavumbuzi, au asibandikwe?

Assalam alaykum ndugu zangu. Naleta hoja iliyotugawa barazani hapa Langoni, Lamu, kwa siku mbili, na ningependa wenzetu wa Malindi nao watie neno.

Mtoto wa ndugu yangu yuko kidato cha tatu. Klabu yao ya sayansi imempa kazi ya kutengeneza bango la mvumbuzi wa kemia, libandikwe ukutani mwa maabara. Kamchagua Thomas Midgley, Mmarekani aliyezaliwa Pennsylvania 1889, akasomea uhandisi wa mitambo Cornell, kemia akaijulia kazini. Wazee wawili wakasema mtu huyo hafai kubandikwa popote.

Kwa asiyemjua: ndiye aliyegundua, Desemba 1921, kwamba ukitia risasi kidogo (ile madini) ndani ya petroli, injini huacha kugonga (mlio ule wa petroli kuwaka vibaya ndani yake). Mwaka 1928 yeye na wenzake wakapata Freon, gesi ya friji isiyowaka wala kudhuru mtu ikivuja. Baadaye petroli ile ikasambaza sumu dunia nzima, na gesi ile ikaonekana inakula tabaka la ozoni, ngao ya juu angani inayotukinga na miale mikali ya jua. Mwenyewe alipatwa na polio 1940, akajiundia kamba na kapi za kumwinua kitandani, na 2 Novemba 1944 zikamnyonga. Alikuwa na miaka 55. Wako wanaokisimulia kifo hicho kwa kicheko. Mimi sioni cha kuchekesha, mgonjwa kafa kitandani mwake.

Msimamo wangu ni huu: mambo yake mawili yasipimwe kwa mizani moja. Freon simlaumu. Wanakemia Rowland na Molina walionya juu ya ozoni 1974, yeye yu kaburini miaka 30. Mtu haulizwi jambo ambalo hakuna aliyelijua.

Lakini risasi aliijua. Mapema 1923 alikuwa tayari amedhurika mwenyewe, akaacha kazi akaenda Florida kutafuta hewa safi. Oktoba 1924, kwenye kiwanda cha Bayway, New Jersey, wafanyakazi watano walikufa kwa mvuke wa dawa hiyo ya risasi inayotiwa petrolini, wengine wakipagawa hadi kufungwa. Midgley akaita waandishi wa habari New York, akajimiminia dawa ileile mikononi, akaivuta puani kwa dakika nzima, akasema angeweza kufanya hivyo kila siku bila kudhurika. Ni mtu aliyetoka kuugua kwayo mwaka uliotangulia! Na alijua kwamba hata alkoholi ikichanganywa na petroli huzuia injini kugonga. Ila alkoholi kila mtu aweza kuitengeneza, na risasi ilikuwa na hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuiuza peke yake. Dawa yenyewe wakaiuza kwa jina la Ethyl, neno risasi wasilitaje.

Mikono ile ndiyo inayoniuma. Ami yangu alikuwa fundi wa mashine za boti hapa bandarini, miaka ya themanini na tisini. Alikuwa akitia mpira ndani ya dumu, anavuta kwa mdomo mpaka petroli imfike ulimini, anatema, anasukutua kwa maji ya bahari. Kabureta aliiosha kwa petroli ndani ya bakuli, mikono mitupu, nami nimechutama pembeni namshikia misumari. Alipomaliza alijifuta kwa kitambaa kilekile alichojifutia jasho. Risasi ya aina ile hupenya ngozi. Mjini kwetu hatukuwa na magari, kwa hiyo kila aliyezungumzia moshi wa petroli alizungumzia Mombasa na Nairobi. Hakuna aliyewaambia mafundi wa boti.

Basi abandikwe, au asibandikwe?

*Mwalimu wa kemia, Malindi:*
Waalaykum salaam. Kwa Freon tuko pamoja. Kwa risasi naona umembebesha mtu mmoja mzigo wa wengi. Baada ya vifo vile mauzo yalisimamishwa 1925, serikali ya Marekani ikaitisha mkutano, ikaunda kamati ya wataalamu, na 1926 mauzo yakaendelea. Waliokaa mezani walikuwa madaktari na maofisa. Kisha tazama sisi: Marekani ilianza kuipunguza miaka ya sabini, Kenya ikaagana nayo kuingia 2006. Hiyo miaka 30 tulimiminiwa na nani? Midgley alikuwa mifupa. Na nchi ya mwisho, Algeria, imeacha 2021. Mkimgeuza yeye kuwa shetani, waliotuuzia bidhaa iliyokwisha kukataliwa kwao watapita nyuma yake salama.

*Mama wa biashara ya samaki, Kizingitini:*
Mwalimu kasema, ila hamjafika kwenye barafu. Mimi nanunua pweza alfajiri. Asipolala kwenye barafu, adhuhuri hapokelewi Mokowe. Dawa ya sukari ya mama yangu iko ndani ya friji. Kabla ya huyo bwana friji zilikuwa na gesi za kuua watu majumbani, hilo mbona mmelipita mbio? Gesi yake imeondolewa, mataifa yalikubaliana Montreal 1987, na friji bado tunazo. Mimi namwambia huyo kijana abandike, tena juu.

*Aliyefungua mjadala, Langoni:*
Mama, la barafu nalipokea, nimelipita mbio kweli. Mwambieni kijana bango liwe na friji.

Mwalimu, miaka 30 yetu imenikaa. Nakubali waliotuuzia waulizwe, na naongeza: Owino Uhuru, pale Mombasa, wanakijiji walidhuriwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyushia betri, mahakama ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Sumu ni ileile, na huko hakuna Midgley. Hapo umenishinda.

Lakini kamati ya 1925 haimwoshi. Wale maofisa waliamini walichoonyeshwa, na aliyekuwa akionyesha alijua mapafu yake yalimfanya nini. Mafundi kama ami walikuja kuosha mikono kwa petroli hiyo bila kuitiwa mwandishi yeyote wa habari.

Nimemwambia kijana atengeneze bango, na juu yake aandike miaka miwili kwa herufi za ukubwa mmoja: 1923 Florida, 1924 New York. Ameuliza kama mwalimu wa klabu atakubali. Sijui nimjibu nini, na ndiyo sababu nimewaita. Walimu mlioko humu, mngelikubali kulibandika?