Msaada: dawa ya kuteremsha maji kwenye kioo cha gari, ya chupa au seramiki?

Mwana_wa_Barani
Asalaam aleikum wanajukwaa. Naomba ushauri, tena wa haraka kidogo. Niko Malindi, nina Noah, nataka kupaka kioo cha mbele ile dawa inayofanya maji yateremke yasishike. Nimechanganyikiwa: nichukue ile ya chupa ya kawaida au ile wanayoita seramiki? Na masika yetu haya, inayahimili? Jumamosi nina safari ndefu. Mwenye kuijua anisaidie, wa mzaha naomba apite.

Karanga_za_Moto
Wa mzaha nimefika na sipiti. Babu yangu aliendesha lori la chumvi, Gongoni hadi Mombasa, na dawa yake ilikuwa kiazi. Anakata kiazi kibichi, anasugua kioo, basi. Kiazi kikikosekana anavunja sigara na kusugua tumbaku. Wewe wataka seramiki, kwani wajenga choo?

BintiKibokoni
Kaka, usimsikize huyo. Mimi nasimamia nyumba ya wageni Watamu, bafu zote za juu zina milango ya vioo. Maji ni ya kisima, yana chumvi mpaka ukiosha nywele zinakakamaa. Vioo vilikuwa vimeota weupe, wageni wananiuliza kama huwa tunasafisha. Nikapaka siki nyeupe, nikaiacha ikae, nikasugua, nikasuuza, vilipokauka ndipo nikapaka hiyo dawa. Sasa jioni msichana apitisha mpira mara moja tu, maji yote chini. Ila mlango mmoja umeshaliwa na chumvi, siki haitoi kitu. Kuna anayejua nifanyeje na huo?

FundiWaya_Maweni
Ndugu Mwana wa Barani, nakujibu ulichouliza.

Kioo kikiwa kitupu hupenda maji. Tone likitua linatandaa, linaungana na jirani yake, linakuwa utando, na utando huo ndio unaopindisha taa za gari linalokuja. Nyingi ya dawa hizi ni silikoni iliyoyeyushwa kwenye spiriti. Spiriti inaruka, silikoni inabaki imeshikamana na uso wa kioo, na hapo maji hayana pa kutandaa tena, yanajikunja matone kama kwenye jani la majimbi. Ya chupa ya kawaida, mfano Rain-X ya Marekani iliyoko sokoni tangu miaka ya 1970, hukaa wiki kadhaa, ukijaliwa miezi michache. Hizo za seramiki na zenye florini hukaa zaidi, lakini hazisamehi kioo kilichoandaliwa ovyo.

Kwa mtu wa Malindi shida kubwa si chupa gani. Ni kioo chenyewe. Upepo wa kusi unakirushia chumvi ya bahari, juu yake vumbi, juu yake mafuta ya barabarani. Ukipaka hapo umepaka uchafu. Osha kwa sabuni isiyo na nta, pitisha siki, suuza, kausha, malizia kwa spiriti. Upakie kivulini, kioo kikiwa baridi. Ukipaka saa saba mchana juani inakauka kabla hujaisambaza, inaacha mabaka ya duara, mchana huyaoni, usiku yatakutesa. Ikishafanya ukungu ifute kwa kitambaa laini chenye unyevu.

Jambo moja tu. Matone hayo hayaondoki yenyewe. Yanasukumwa na upepo wa mwendo, kuanzia kama kilomita 60 au 70 kwa saa. Chini ya hapo yanakaa palepale yakikutazama, na kazi inarudi kwa waipa. Zako ziko sawa?

Mwana_wa_Barani
Ahsante sana fundi, maelezo ya mtu anayejua kazi. Waipa ziko. Sasa kati ya hizo mbili wewe ungechukua ipi?

MamaWaCasuarina
"Ziko" si "zinafanya kazi". Mume wangu naye yuko.

Mwana_wa_Barani
😂 Mama wewe. Ya kushoto inapiga vizuri kabisa. Ya upande wangu ndiyo imelala kidogo.

FundiWaya_Maweni
Imelala kidogo vipi? Inakwenda polepole, inarukaruka, au haiendi?

Mwana_wa_Barani
Haiendi.

MamaWaCasuarina
Yaa Rabbi. Na upande wako ndio wa usukani.

Mwana_wa_Barani
Sasa kabla hamjanirukia nielezeni... yaani niwaeleze. Gari si langu, ni la shemeji yangu yuko Doha. Aliniachia nilifanyie kazi kwa sharti nisifunguefungue kitu bila kumuuliza. Mvua zilipoanza waipa ikagoma, nikampelekea fundi, akaniambia mota imekufa na dashibodi ishuke. Nikimpigia shemeji kumwambia mota imekufa atauliza na mengine ambayo sina majibu yake.

Jumamosi nabeba watu wa arusi hadi Mokowe, pale pa kuvukia kwenda Lamu, tunatoka hapa saa kumi alfajiri. Malipo ya mbele nimeshachukua. Na chupa pia nimeshanunua, iko hapa mezani, kwa hivyo hilo la ipi na ipi limejimaliza. Nataka tu kujua itanivusha au haitanivusha. Njia yenyewe ni lami, nitakuwa natembea, maji yatajipeperusha. Fundi mwenyewe amesema kuanzia 60.

FundiWaya_Maweni
Usinilishe maneno. Nimesema matone. Mvua ya masika ikiamua haileti matone, inamwaga ndoo, na hapo hakuna silikoni wala florini, maji yanapita juu ya kioo kwa wingi kuliko upepo unavyoweza kuyasukuma. Kisha hutatembea 60 njia nzima. Kuna matuta, kuna ng'ombe, kuna vizuizi vya polisi. Ukishuka 20, kila tone lililobaki kwenye kioo linawaka na taa za lori la mbele yako, nawe uko gizani saa kumi na moja alfajiri. Na gari likikurushia tope? Dawa haiteremshi tope. Ya upande wako ni lazima iende.

Maalim_wa_Sabaki
Mwanangu, nimekusoma hadi mwisho nikasikitika. Mtu hufunga ngamia kwanza, ndipo atawakali. Wewe ngamia umemwacha njiani ukaenda kununua chupa. Hizo ni roho za watu, mabibi na watoto waliojifukiza udi tayari kwa furaha yao. Gari nalo ni amana, na amana ikiharibika mwenyewe huambiwa, hafichwi. Njia hiyo tunaijua sisi. 2023 mvua za El Nino zilipoikata barabara ya Garsen kwenda Lamu, watu walivushwa kwa maboti mahali pa kupita mabasi. Rudisha pesa za watu, wapande basi.

Karanga_za_Moto
Maalim, basi nalo umeliangalia waipa?

NahodhaWaShela
Hebu niwape yangu. Sisi huku Lamu kazi yetu ni punda na boti, lakini boti yangu ya fiber ina kioo cha mbele, na mayi ya bahari hayakuulizi kama kuna mvua. Mgeni mmoja akaniachia chupa ya dawa hii ya gari. Nikapaka. Mwanzo raha mtupu, wimbi lapiga, mayi yateremka, naona hadi Manda. Baadaye kikaanza kufanya vistari vidogovidogo kila mahali, nikielekea jua sioni kitu, ni weupe tu. Kumbe kile si kioo, ni plastiki, na ile spiriti huila plastiki. Nyuma ya chupa imeandikwa kabisa kwamba ni ya vioo tu. Za plastiki zina dawa yake mbali. Sasa naendesha nimesimama, kichwa juu ya kioo, mvua yote usoni. Abiria wanasema nahodha hodari.

Kipanga_wa_Gede
Nyinyi mwajibu tu, mwajibu tu. Mimi nimeisoma hii stori tena kwa utulivu.

Mota ya waipa ni moja, inasukuma mikono yote miwili. Ikifa, zinalala zote. Huyu ya kushoto "inapiga vizuri kabisa" na mota "imekufa". Ni Noah gani hiyo? Halafu Mokowe kuna boti za kuvuka mchana kutwa, saa kumi alfajiri anakimbilia nini? Na tazama alivyoanza, dawa, dawa, dawa. Waipa imetoka kwa kubanwa. Kesho atarudi kutuambia chupa imefanya maajabu, chini yake namba ya kuagizia. Huyu ni muuzaji. Hakuna Noah, hakuna shemeji, hakuna arusi.

Karanga_za_Moto
Na mimi huyo shemeji alinitia shaka. Mashemeji wote wa mitandaoni wako Doha.

Mwana_wa_Barani
Kipanga, jina la dawa nimelitaja wapi? Nionyeshe mstari. Kuna mtu anauza kitu asichokitaja? Nikaha ni asubuhi, na hao ni upande wa bibi arusi, wafike wavuke, wavae, wapike. Malindi hadi Mokowe si kwenda Mambrui kula samaki. Na mota kufa nimesema ni maneno ya fundi, mimi si fundi.

MamaWaCasuarina
Weka picha tuishe maneno.

Mwana_wa_Barani
Picha ya nini mama? Nikizima gari zote mbili zimelala.

FundiWaya_Maweni
Tulieni. Kipanga, kwa mota umesema kweli, kwa hukumu umeteleza. Tena maneno yako ndiyo yanayomtetea.

Mota moja inavuta vyuma vya kuunganishia, na vyuma hivyo vinazungusha ekseli mbili fupi zenye meno. Kila mkono wa waipa umekalia ekseli yake na kukazwa kwa nati. Nati ikilegea, au meno yakaliwa na kutu, ekseli inazunguka na mkono umelala vilevile. Au kile kiungo cha ndani kimechomoka upande mmoja. Yote mawili nayaona sana pwani hii, chumvi inakula hadi bawaba za milango. Ila ya kushoto ikiwa inapiga, mota iko hai. Aliyekwambia imekufa alikuwa na mota ya kukuuzia.

Sasa fanya hivi. Chini kabisa ya mkono wa waipa kuna kifuniko kidogo cha plastiki. Kibandue, nati utaiona. Mwambie mtu awashe waipa, wewe tazama ekseli. Ikizunguka peke yake, shida ni hapo hapo nje. Zima kwa swichi ya waipa, si kwa ufunguo wa gari, ili zirudi zenyewe mahali pa kupumzikia. Vua mkono, sugua meno kwa brashi ya waya, urudishe ukilala sambamba na mwenzake, kaza nati. Ekseli isipozunguka, ndipo uniletee Maweni. Hujagusa dashibodi ya shemeji.

Badilisha na mpira wa waipa. Mpira mkavu juu ya kioo kilichopakwa unakoroma na kurukaruka, na watu husingizia dawa.

BintiKibokoni, sijakusahau. Huo mlango hauna uchafu tena wa kutoa, chumvi imeshachimba kioo. Kuna unga wa kung'arishia vioo, oksidi ya seriamu, unakorogwa na maji na kusuguliwa kwa sponji ngumu, polepole, kioo kisipate moto. Ukipitisha ukucha ukahisi mashimo, usijichoshe, badilisha kioo.

BintiKibokoni
Ukucha unashika fundi 😭 Ahsante lakini.

Mwana_wa_Barani
Nimetoka kufungua. Ekseli inazunguka. Nati naizungusha kwa vidole.

Nitakaza kesho nikipata spana. Lakini dawa napaka vilevile, nimeshanunua.

Maalim_wa_Sabaki
Alhamdulillahi. Na shemeji umwambie.

Mwana_wa_Barani
Nimwambie nini maalim, kwamba nati ililegea?

FundiWaya_Maweni
Paka, wala sikukatazi. Waipa ikifanya kazi ndipo utakapoiona faida yake, mvua nyepesi, ukiwa kwenye mwendo, hutaigusa swichi sana. Ila kaza kwanza, kisha nyunyiza maji kioo chote kabla hujapaka, waipa zipige uone hazigongani wala hazigongi pembeni. Na ukumbuke dawa ni ya nje. Gari likijaa watu alfajiri mvua inanyesha na madirisha yamefungwa, kioo kitaota ukungu kwa ndani, na huo hautolewi na chupa yako. Washa AC, upepo uelekeze kwenye kioo. Usiwe wa kufuta kwa leso huku unaendesha.

Mwana_wa_Barani
AC ipo.

MamaWaCasuarina
Ipo, au inafanya kazi?

Mwana_wa_Barani
Mama tafadhali. Inafanya kazi.

Kipanga_wa_Gede
"Napaka vilevile." Mmesikia? Mimi nimekaa hapa nasubiri namba ya simu.

Mwana_wa_Barani
Namba yangu sikupi hata uombe.

Mpitanjia_Kilifi
Samahani wadau, uzi ni mrefu nimesoma juu juu. Hiyo Noah ya Jumamosi ina nafasi ya mtu mmoja? Nashukia Witu.

Karanga_za_Moto
Kama ipo, chukua ya mbele kushoto. Huko waipa haijawahi kugoma.