Miaka 47 na mtihani wa programu: nifute miaka kwenye sivii?

Mzee wa Mwera
Asalaam aleikum. Mie nna miaka 47, naandika programu tangu enzi za FoxPro, ile lugha ya zamani ya programu za kutunza data. Umeme ulipozimika Unguja nzima, Disemba 2009 hadi Machi 2010, hoteli moja ya Nungwi haikupoteza buking hata moja. Mfumo nimeuandika mie, na kila dakika tano ulijinakili kwenye diski ya pembeni, maana jenereta la pale lilikuwa na vitimbi vyake.

Mwezi uliopita nikaomba kazi kampuni moja ya Dar, ya kufanyia nyumbani. Wakaniletea mtihani mtandaoni: maswali matatu, dakika 90, na saa inakutolea macho kwenye kona ya kioo. Mawili nimeyamaliza. La tatu: geuza mti wa bainari (data iliyopangwa kama mti, kila tawi likizaa matawi yasiyozidi mawili), kila tawi la kushoto liende kulia na la kulia lije kushoto, mpaka chini. Nikakodoa tu. Niliusoma zamani, lakini miaka 20 hii hakuna mteja aliyewahi kuniambia nimgeuzie mti.

Kisha usaili wa video. Kijana ananiita mzee, kwa adabu kabisa, halafu mwisho: "Mzee, kasi ya vijana utaiweza?" Siku ya tatu wakaniandikia samahani. Sasa nifute miaka, sivii ianzie 2015? Au nikae nisome miti?

Kijana wa Fumba
Shikamoo mzee wangu. Mitihani hiyo mimi huisahihisha, na nikipewa leo bila kujiandaa nafeli. Kabla ya kuajiriwa nilikaa wiki sita, maswali mawili kila usiku. Swali lako ni mistari michache: badilishanisha watoto wawili wa tawi, yaani matawi mawili yaliyo chini yake, kisha programu ijiite yenyewe kwa kila mtoto, ikikuta patupu irudi. Max Howell, mtunzi wa Homebrew (programu ya kuwekea programu nyingine kwenye kompyuta), alilalamika 2015 kuwa Google wamemkataa kwa swali hilohilo, na mainjinia wao wanatumia programu yake. Miaka usifute, watakuuliza ulikuwa wapi kabla.

Binti Chake
Wewe Fumba, wiki sita za usiku unazo kwa sababu hujalea. Mie nna 33, watoto wawili, na hiyo "kasi" nshaambiwa. Hapo ndo umri unapopenyezwa. Ami, waombe wakupe programu mbovu utafute kosa. Mie nilipewa ripoti ya mishahara inayojumlisha baadhi ya watu mara mbili, nikalikamata kwa dakika 40.

Mpita Darajani
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Bara, ya 2004, inakataza kubagua kwa umri, na mwombaji kazi anahesabiwa humo. Ajira si jambo la Muungano, huku kwetu Zanzibar tuna Sheria ya Ajira, Namba 11 ya 2005. Lakini mwajiri wako yupo Dar, kwa hiyo kamuulize wakili kwanza ipi inakuhusu. Ile kauli ya "kasi ya vijana" unayo kwa maandishi?

Mzee wa Mwera
Sina, ilikuwa ya mdomo. Marahaba Fumba. Jana baada ya Isha nimeugeuza, mistari saba, umekubali mara ya tatu. Mbili za mwanzo nilisahau hilo patupu. Miaka naiacha ilivyo.

Binti, ile ripoti: wale waliojirudia walikuwa wamehamishwa idara katikati ya mwezi, sio? Maana hiyo iliwahi kunilaza ofisini.