Kupanga nyumba katika mji wa chuo kando ya ziwa: ufukweni, langoni au kilimani?

Mpangaji_Mpya
Kuna nyumba tatu: moja iko hatua chache kutoka majini, nyingine nyuma ya lango la chuo, ya tatu juu kilimani. Mkataba wa mwaka, kazi nafanyia nyumbani. Nichukue ipi?

Fundi_Kuta
Anza na ukuta, mandhari baadaye. Ardhi ya ufukweni ina maji karibu, na msingi usiowekewa nailoni ya kuzuia unyevu huyapandisha ukutani hadi kama mita moja. Utaona rangi imevimba kwa chini, na unga mweupe wa chumvi unapukutika ukiupitishia kidole. Sakafu ipime hivi: kata nailoni ya sentimita 50 kwa 50, ibane kwa selotepu pande zote nne, iache saa 24. Ikilowa upande wa chini, maji yanatoka ardhini na rangi mpya haitasaidia kitu. Ikilowa juu, ni unyevu wa hewa. Madirisha yanayotazamana yanatosha.

Upepo_wa_Ziwa
Ufukwe usitupwe moja kwa moja. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, kwa hiyo upepo huvuma kutoka ziwani. Chumba cha kazi kiwe upande huo. Ila kagua vigogo vya miti na nguzo za uzio, alama ya maji ya mafuriko ya zamani hubaki pale. Dalali hatakuonyesha. Na taa ya nje iwe ya njano, nyeupe huita wadudu wengi zaidi.

Kodi_na_Mkataba
Langoni, usitafute wiki ya kufungua chuo. Katikati ya muhula ndipo mwenye nyumba anapopunguza kodi. Intaneti ipime saa 3 usiku wanafunzi wakiwepo. Ukipima likizo utaona kasi usiyoipata tena. Omba pia kifungu cha kumwachia mtu mwingine chumba kabla ya mwaka kuisha.

Bomba_Kavu
Kilimani shida ni presha ya maji. Kila mita 10 za kupanda hula bar 1 (bar ni kipimo cha presha), kwa hiyo asubuhi watu wa chini wakifungua mabomba, juu yanachuruzika. Tangi la darini lililo mita 3 juu ya bomba la bafu hutoa bar 0.3 tu, na hita nyingi za kupasha maji papo kwa papo haziwaki hapo. Uliza kama kuna pampu.

Fundi_Kuta
Kwangu mimi ni kilimani, mradi pampu ipo. Pampu hununuliwa, msingi uliolowa haubadilishwi na mpangaji.