Kufungua barabara ya wilaya kwa intalinki za tani 56: tupime nini kwanza?

Mdau_Ruvuma

Wakuu, heshima kwenu. Kuna barabara ya wilaya ya kilomita 14 inayounganisha machimbo ya makaa ya mawe na barabara kuu. Kilomita 5 zina lami nyepesi, 9 ni changarawe. Sasa hivi zinapita semi, yaani kichwa na tela moja, za ekseli sita. Wenye machimbo wanaomba waingize intalinki, yaani kichwa kimoja na tela mbili, ekseli saba, mita 22, tani 56, malori 40 yenye mzigo kwa siku. Njiani kuna daraja moja lenye mita 18 kati ya nguzo, kalavati sita, na mlima wa asilimia 11 ambao lori linaupanda likiwa na mzigo. Halmashauri inasema tani 56 zitaimaliza barabara. Wachimbaji wanasema hakuna tofauti. Nani yuko sahihi, na tathmini ianzie wapi kabla ombi halijapelekwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini?

Tabaka_la_Msingi

Mkuu, kwa upande wa lami na changarawe halmashauri wanaangalia namba isiyo yenyewe. Barabara haichakazwi na uzito wa jumla, inachakazwa na uzito wa kila ekseli. Mwongozo wa usanifu wa lami wa Tanzania wa 1999 unachukua uzito wa ekseli, unaugawanya kwa kilo 8,160, kisha unapandisha jibu kwa kipeo cha 4.5. Kinachopatikana kinahesabiwa kwa ekseli sanifu, yaani ekseli za kilo 8,160.

Chukua mipaka ya sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito: usukani tani 8, ekseli mbili za pamoja 18, tatu za pamoja 24. Semi iliyojazwa hadi mipaka hiyo ina tani 50 na inaleta takriban ekseli sanifu 6.8 kwa safari. Intalinki ikijazwa mafungu yake yote ya ekseli ingefika tani 62, lakini sheria inaikatia 56. Kwa hiyo usukani unabaki na kama tani 6.5 na kila jozi ya ekseli 16.5, na jumla ni ekseli sanifu 6.7. Wakati huohuo inabeba kama tani 36 za mzigo, semi inabeba 33 na nusu. Kwa kila tani ya makaa inayotoka, intalinki inaumiza barabara kidogo kuliko semi.

Ila msikimbilie kusherehekea. Malori 40 kwa siku 300 ni safari 12,000, sawa na ekseli sanifu 80,000 kwa mwaka. Kwa miaka 10 bila ukuaji ni laki nane, kundi la mzigo wa magari linaloitwa TLC 1 kwenye mwongozo huo. Weka ukuaji wa asilimia 5 kwa mwaka na unavuka milioni moja, unaingia TLC 3. Lami nyepesi iliyojengwa kwa magari machache ya kijiji haikusanifiwa kwa hilo, iwe semi au intalinki. Chimbeni mashimo ya majaribio kila mita 500, pimeni unene wa tabaka na CBR, yaani kipimo cha uimara, ya udongo wa chini baada ya kuuloweka siku nne. Swali la kilomita hizo 5 ni wingi wa makaa, aina ya lori ni jambo la pili.

Nguzo_na_Sitaha

Naongezea la madaraja, maana hapa watu huogopa kinyume.

Kwenye kalavati fupi, lori zima haliwezi kukaa juu kwa pamoja. Kinachokandamiza ni fungu moja la ekseli. Fungu la semi la ekseli tatu, tani 24, ni zito kuliko jozi ya tani 16.5. Hata kwenye nafasi ya mita 10, semi inaleta mpindo (nguvu ya kulikunja daraja) wa karibu tani-mita 50 na intalinki haifiki 40. Ukifika mita 20 hivi zinakaribiana, kati ya 120 na 130. Kuanzia hapo kwenda juu ndipo tani 56 zinaanza kuizidi semi. Daraja lenu la mita 18 lipo karibu na mpaka huo, kwa hiyo lazima lihesabiwe upya kwa vipimo halisi vya lori linaloombewa: umbali kati ya kila ekseli, siyo mchoro wa katalogi.

Afrika Kusini wana kanuni rahisi ya kuchuja: kilo zinazoruhusiwa kwenye kundi la ekseli ni 2,100 mara umbali wa mita kati ya ekseli ya kwanza na ya mwisho, jumlisha 18,000. Kwa tani 56 unahitaji angalau mita 18.1. Itumieni kuchuja tu, hesabu ya daraja ibaki palepale. Na kabla ya hesabu, mtu ashuke chini ya daraja. Nyufa za mshazari karibu na nguzo, chuma kilichotokeza, udongo uliokokotwa na maji kwenye msingi: kimojawapo kikionekana, hata semi za sasa zinapaswa kusimamishwa kwanza.

Kalavati angalieni kina cha udongo juu ya bomba. Grederi likipita mara nyingi hukwangua kifuniko hadi bomba linabaki na sentimita chache, na hapo ndipo linapopasuka.

Kona_Kali

Wakuu wamegusa uzito. Mimi naona ombi hili litakwama kwenye kona na ule mlima.

Tela za nyuma hukata kona kwa ndani. Makisio ya haraka: nusu kipenyo cha njia ya ekseli ya mbele kwenye mraba, toa mraba wa kila umbali kutoka kiungo hadi katikati ya fungu la ekseli, kisha tafuta kipeuo cha pili; tofauti yake na nusu kipenyo cha mwanzo ndiyo inayokatwa ndani. Kwa kona ya mita 15, semi yenye mita 4 na 8 inakata ndani karibu mita 3. Intalinki yenye 4, 6 na 8.5 inakata karibu mita 5. Ongeza upana wa lori, mita 2.5, na inafagia mita 7.5. Barabara ya mita 6 haitoshi: tairi la ndani litashukia kwenye mtaro, na likishuka tela yenye mzigo juu hulala. Makisio haya ni ya kona ndefu, ile ya nyuzi 90 inakata pungufu kidogo. Pigeni picha za kona zote, pimeni, panueni upande wa ndani.

Pale inapoingia barabara kuu, lori la mita 22 lenye mzigo likianza kutoka kusimama linahitaji sekunde 13 hadi 14 kuvuka mita 7 za lami na kumaliza mkia wake. Gari la kilomita 80 kwa saa linakuwa limekwenda mita 300. Dereva asipoona umbali huo kila upande, kateni miti au hamisheni makutano.

Mlima sasa. Asilimia 11 pamoja na ukinzani wa changarawe, kama asilimia 2, ni nguvu ya tani 7.3 kwa lori la tani 56. Tairi za kuvuta zina tani 16.5 tu juu yake, kwa hiyo zinahitaji mshiko wa 0.44. Semi inahitaji 0.36. Changarawe iliyolowa huwa karibu na 0.35. Semi inapanda kwa shida, intalinki itazungusha tairi na kurudi nyuma ikijikunja kwenye viungo viwili. Kuongeza nguvu ya injini hakusaidii chochote. Wekeni zege lenye michirizi ya kukingama kwenye mlima wote, na mita 50 kabla haujaanza.

Mdau_Ruvuma

Nimewaelewa sana wakuu. Je, idhini iombwe kwa barabara nzima, au kwa lori fulani tu? Na uzito utasimamiwaje wakati mizani ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, iko barabara kuu?

Tabaka_la_Msingi

Ombeni kwa njia iliyotajwa na lori lililotajwa, vyote viwili. Australia wanafanya hivyo: lori linapimwa sifa zake, na mwenye barabara, hata kama ni halmashauri ndogo, anatoa ridhaa kipande kwa kipande, kwa kawaida ndani ya siku 28. New Zealand walipoleta lori la tani 50 walilitandaza kwenye ekseli tisa, na kilichoamua wapi lipite kilikuwa madaraja. Kote huko ugumu uko kwenye kilomita za mwisho kutoka barabara kuu hadi getini, kama hizi zenu.

Uzito usimamiwe pale mzigo unapopakiwa. Mizani ya jumla haitoshi, iwe inayosoma kila fungu la ekseli. Kwenye intalinki sehemu ya mzigo wa tela ya nyuma hukalia ekseli za tela ya mbele, kwa hiyo jozi ya katikati ndiyo huzidi wakati jumla bado ni 56. Mwendesha shaveli apewe alama ya ujazo kwenye kila tela, na ipimwe upya mvua ikinyesha kwa sababu makaa yaliyolowa ni mazito. Ekseli ikizidi kwa asilimia 10, uharibifu unapanda kwa zaidi ya asilimia 50, na ile faida yote niliyoihesabu juu inafutika.

Kona_Kali

Kwenye masharti ya idhini ongezeni kusimamisha safari mvua kubwa inaponyesha, hadi zege la mlimani liwe tayari. Na daraja lipitwe na lori moja kwa wakati, kilomita 20 kwa saa, bila kushika breki juu yake.