Shania Twain aliporudi na sauti nyingine: ilikukuta wapi? Tupeane uzoefu

Habari za jioni wapenzi wa muziki wa kantri. Naanza mimi, nanyi mfuate.

Niliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa letu hapa Nakuru kwa miaka 11. Mwaka 2016 nikapasuliwa tezi ya shingo. Nilipozinduka nikataka kumwita dada yangu, ikatoka pumzi tu. Nikaambiwa mshipa wa fahamu unaoendesha nyuzi za sauti umeguswa, tungoje. Tukangoja. Sokoni nilikuwa nanunua nyanya kwa kunyoosha kidole, na wauzaji wakaanza kunizungumzisha kwa ishara, wakidhani ni bubu.

Septemba 2017 ikatoka Now, albamu ya kwanza ya Shania Twain, mwimbaji wa kantri wa Kanada, baada ya miaka 15. Huyu nimemjua tangu Come On Over ya 1997, kanda tuliyokuwa tukiirudisha nyuma kwa kalamu ili tusimalize betri. Dunia nzima ilinunua nakala zaidi ya milioni 40, na ile yetu ilikuwa ya watu sita. Sasa nasikiliza wimbo wa kwanza, nikausimamisha. Sauti imeshuka, nzito, ina mkwaruzo. Nikausoma mkasa wake usiku ule: kupe alimuuma mwaka 2003, akapata ugonjwa wa Lyme, neva za koo zikadhoofika. Katikati ya hayo mumewe Mutt Lange, aliyekuwa akimtayarishia nyimbo, wakaachana. Amerudi ana miaka 52, nyimbo zote kaziandika peke yake, na albamu ikaingia namba moja Marekani na Kanada.

Jumapili iliyofuata nilimwandikia mwalimu wa kwaya kwenye karatasi: nipe sauti yoyote iliyobaki. Leo naimba sauti ya tatu. Nasimama na wanaume, na sijawahi kuipenda kwaya kama sasa.

Wewe je?

Shamba la Kitale
Pole sana dada. Kwetu mwenye redio alikuwa mzee, naye ni wa Jim Reeves na Kenny Rogers, wakongwe wa kantri. Shania alimkataa tangu mwanzo, akisema hiyo ni disko iliyovaa kofia. Mwaka 2002 kaka yangu akatuletea Up!, albamu ya Shania, kutoka Toronto. Ndani mna diski mbili, nyimbo ni zilezile: nyekundu imepigwa kipop, ya kijani ina fidla na banjo. Mzee akaichukua ya kijani akaificha kabatini kwake, nyekundu akatuachia watoto. Ndipo nilipoelewa kwamba wimbo ni uleule, mlango ndio tofauti.

Now ilipotoka nilimchezea kwenye simu, macho yake yameshaanza kufifia. Akasikiliza kimya, kisha akasema: "Huyu sasa anaimba kama mtu aliyezika." Nikamwambia kweli alizika, mama na baba wa kambo aliyemlea, siku moja, ajali ya gari mwaka 1987, akawa anaimba hotelini kule Ontario ili awalee wadogo zake. Mzee akaniambia nianze wimbo upya.

Bibi Harusi 1999
Tuliingia ukumbini na wimbo wake, Mombasa, umeme ukakatika katikati, wageni wakaumalizia. Bado tuko pamoja.

Mpenda Gitaa, Dar
Mimi nitasema tofauti. Nampenda, lakini Now ina kompyuta nyingi mno kwangu, na Queen of Me ya 2023 ndiyo kabisa, ni pop ya kuchezea. Sauti kama ile ilistahili gitaa moja na watu wakae kimya.

Muuguzi, Tacoma
Kaka wa Dar, ungekuwepo ukumbini Tacoma Mei 2018, ziara yake ilipoanzia hapa kwetu jimbo la Washington, Marekani. Nilitoka zamu ya usiku, sijalala, viatu vya kazini miguuni. Kuna mahali pa juu kwenye wimbo wa zamani nilipoogopa kwa niaba yake. Aliacha kidogo, ukumbi mzima ukapanda badala yake, naye akaingia chini yetu. Nililia. Mimi nilikuwa nimetoka kuachika mwaka huohuo. Mwaka huohuo pia ndipo Shania alipofanyiwa upasuaji wa koo wa kufunguliwa shingo, akijua kabisa kwamba huenda asiimbe tena.

Ticha wa Mbeya
Miaka 19 darasani, wanafunzi 80, nilikauka sauti mpaka nikawa nafundisha kwa filimbi. Kilichonisaidia kwake ni kusikia kwamba kabla ya kuimba lazima apashe sauti moto kwa muda mrefu. Nami sasa nafika shuleni mapema, naguna na kuvuma midomo imefungwa kabla ya kengele. Mlinzi ameshazoea.

Mgeni hapa
Shikamooni. Mama yangu kapasuliwa tezi wiki tatu zilizopita, hasemi, analia tu. Dada uliyeanzisha uzi huu, wewe ilikuchukua muda gani?

Mwenye uzi
Marahaba mwanangu. Miezi minane kupata maneno, mwaka na nusu kuimba. Mrudishe kwa daktari, uombe waangalie nyuzi za sauti kwa kamera, usikubali kungoja tu kama mimi. Nyumbani usimuulize maswali marefu asubuhi, yangu ilikuwa mbaya zaidi saa hizo. Muulize ya ndiyo na hapana. Na umwekee kikombe na kijiko kando ya kitanda, agonge akikutaka. Mimi kijiko changu bado ninacho.